Fumbo la waya: maana yake na jinsi linavyobuniwa

Kitenzi "kutatua" tunakitumia kutwa kucha: tunatatua migogoro, hesabu, kero za maji mtaani. Kabla ya hayo yote kilikuwa kitenzi cha uzi. Uzi ukitatana, mtu huketi akautatua, kitanzi kimoja baada ya kingine. Tatizo, utata na kutatanisha ni watoto wa mzizi huohuo. Kwenye fumbo la waya kitenzi hiki kinarudi kwao, maana hapa mtu anatatua kwa vidole.

Fumbo la waya ni vipande viwili au zaidi vya chuma vilivyopindwa vikapachikana, pengine pamoja na pete, mnyororo au kamba. Unaambiwa uvitenganishe. Huruhusiwi kukata, kukunjua wala kulazimisha. Kisha uvirudishe vilivyokuwa. Nusu hii ya pili wengi huisahau, ingawa mara nyingi ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu ukishavishika vipande kila kimoja mkono wake, hukumbuki tena ulipitia wapi.

Mchezaji hutafuta mlango. Mbunifu yeye huanza na mlango, kisha akatafuta pa kuuficha, na sharti la kwanza ni mlango wenyewe uwepo. Chukua pete mbili zilizochomelewa zikiwa zimeshikana, kama za mnyororo. Hata zingekuwa za mpira, ukazivuta na kuzisokota mpaka alfajiri, haziachani. Mwaka 1833 mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss aliandika kanuni ya kuhesabu vitanzi viwili vimezungukana mara ngapi. Hesabu hiyo haibadiliki kwa kuvuta wala kwa kusokota, na ikitoka namba yoyote isiyo sifuri, vitanzi hivyo havitengani mpaka kimoja kikatwe. Mbunifu hana ujanja wa kuikwepa. Zinambakia njia mbili: kitanzi kinachoonekana kimefungwa kumbe kina mwanya, au vitanzi vilivyofungwa kweli ambavyo jicho linaona vimeshikana kumbe hesabu yake ni sifuri.

Mfano wa njia ya kwanza ni misumari miwili iliyosokotwa. Kila msumari umepindwa mzunguko mmoja, kama kamba iliyojivuka yenyewe kabla fundo halijakazwa. Pale unapojivuka pana mwanya, na kila msumari umepita ndani ya kitanzi cha mwenzake. Niliwahi kuipinda mwenyewe kwenye jiliwa, na jozi ya kwanza niliacha mwanya mpana: ukiitikisa tu, misumari inaachana. Jozi ya pili niliubana, ikawa haitoki ila kwa kulazimisha, na chuma kikabaki na mikwaruzo. Jozi ya tatu mwanya ulizidi unene wa msumari kidogo tu, na hapo fumbo likazaliwa. Misumari hiyo inapita pale tu mianya yote miwili inapokutana na mmoja ukageuzwa ukiwa hapohapo. Ukikosea pembe kidogo, imeshikana kama awali. Tangu siku hiyo, nikishika fumbo la waya lenye mikwaruzo mahali pamoja, najua ama limepindwa vibaya, ama aliyelishika kabla yangu alikata tamaa.

Njia ya pili ina viatu vya farasi. Vyuma viwili vyenye umbo la U vimeunganishwa ncha kwa ncha kwa minyororo miwili mifupi, na pete imezunguka katikati, ikibana minyororo yote miwili. Tumbo la kila chuma ni pana kuliko pete, kwa hiyo ukiisukuma huku inakwama, na kule inakwama. Sasa fikiria kila kitu hapo ni kamba. Fumbo linakufa papo hapo, maana pete imezunguka tu kitanzi kilichobanwa pande mbili, na unaitelezesha mpaka itoke. Topolojia, yaani tawi la hisabati linaloangalia maumbo bila kujali urefu wala pembe, haioni kizuizi chochote. Anayezuia ni ugumu wa chuma na upana wa tumbo lake. Ulegevu pekee uliobaki uko kwenye minyororo, nayo ndiyo inayokuruhusu kuvikunja viatu vikalaliana kama kurasa mbili za daftari. Vikishalaliana, pete inavishika pamoja, inateleza juu ya mkono mmoja na kutoka mwishoni. Kazi ya mbunifu hapa ni vipimo: pete iwe ndogo kuliko tumbo, lakini kubwa kuliko unene wa vyuma viwili vilivyolaliana.

Lakini fumbo ninalolihusudu kuliko yote halifichi mlango. Linauweka mbali. Wachina huliita jiulianhuan, pete tisa zilizoungana. Wafaransa huliita baguenaudier. Mwitaliano Girolamo Cardano alilieleza katika kitabu cha mwaka 1550, na Mwingereza John Wallis akalichambua mwaka 1693. Lina mpini mrefu mwembamba wa waya uliopinda kama sindano kubwa ya kushonea magunia, na pete zimevaa juu yake. Kila pete imening'inia kwenye kijiti chake kilichokazwa kwenye ubao chini, na kijiti hicho kimepita ndani ya pete jirani. Kupachikana huko kunazaa sheria mbili. Pete ya kwanza, iliyo kwenye ncha ya mpini, unaweza kuivua au kuivika wakati wowote. Pete nyingine yoyote inatembea ikiwa tu jirani yake wa upande wa ncha amevaliwa, na wote walio mbele ya jirani huyo wamevuliwa.

Angalia sheria hizo zinafanya nini. Katika kila hali, hatua zinazowezekana hazizidi mbili, na moja kati ya hizo ni kurudi ulikotoka. Hakuna njia panda. Ni barabara moja, ndefu mno, na kila mara inakutaka uvike tena pete uliyotoka jasho kuivua. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama, ingawa mikono yao haina kosa: moyo unakataa kurudisha kilichokwisha kutoka, unaona ni kubomoa kazi. Kwa pete 9, njia fupi kabisa ina hatua 341, ukihesabu kila pete inayotembea. Ongeza pete moja tu, zinakuwa 682.

Mwaka 1872 Mfaransa Louis Gros aliandika kijitabu juu ya fumbo hili, akaonyesha kwamba kila hali yake inaweza kuandikwa kwa tarakimu mbili, 1 kwa pete iliyovaliwa na 0 kwa iliyovuliwa, na kwamba orodha ya hali hizo inafuata mpangilio mmoja: ukitoka mstari hadi mstari, tarakimu moja tu hubadilika. Mpangilio huohuo mwanafizikia wa Marekani Frank Gray aliupatia hataza mwaka 1953 kwa kazi ya mawasiliano, na leo vifaa vinavyopima mzunguko wa mhimili wa mashine huutumia, kwa sababu pakibadilika tarakimu moja tu kwa wakati, kosa la kusoma haliwi kubwa.

Huna haja ya chuma kuuonja ubunifu huu. Panga sarafu 3 mezani kwa mstari. Kichwa juu ni pete iliyovaliwa, kichwa chini ni iliyovuliwa. Anza zote zikiwa vichwa juu, na sarafu ya kushoto ndiyo ya ncha. Fuata sheria mbili zile. Geuza ya kwanza, kichwa chini. Sasa ya tatu ina ruhusa, maana ya pili imevaliwa na ya kwanza haipo: igeuze. Rudisha ya kwanza juu. Vua ya pili. Vua ya kwanza. Hatua 5, meza imekwisha. Sasa zirudishe zote juu, uanze kwa kuvua ya pili, uone utakavyozungushwa. Sarafu zikiwa 4, kuanza na ya pili ndiyo sahihi, na hatua ni 10. Zikiwa 5 unarudi kuanza na ya kwanza, hatua 21, na hapo utataka kalamu na karatasi pembeni.