Droo za mbao za pikapu zisizokwama njiani

Ukipandisha Newala ukitokea Masasi na boksi la droo kwenye bodi ya pikapu, mzigo wote unasukuma mlango wa nyuma. Ukishuka, unasukuma kabini. Droo ya nyumbani haijui mateso hayo, ndiyo maana seremala hodari wa makabati anaweza kukutengenezea kitu kizuri kikakwama kabla hujamaliza wiki.

Nianze na plaiwudi, maana hapo ndipo hela inapotea. Bodi za dabo kabini nyingi zina urefu wa kama mita 1.5, na wengi hukata boksi lienee lote. Shiti ni milimita 2440 kwa 1220. Ukikata kipande cha 1450, kinachobaki hakitoshi kutoa kingine cha urefu huo, na kazi nzima itakula shiti tano. Kata boksi la urefu wa 1200 na kila shiti inatoa urefu mara mbili: shiti moja ya milimita 18 na mbili za milimita 12 zinatosha. Nafasi inayobaki nyuma ya kabini weka jeki, koleo na kamba ya kuvutia.

Tuseme kati ya nundu mbili za magurudumu umepata 1100. Boksi lenyewe liwe na upana wa 1080. Kifuniko cha juu ni cha milimita 18, maana kitapandwa na kubebeshwa magunia. Kuta mbili na mgao wa katikati nazo ni za 18, kila moja kimo cha 250. Sakafu na mgongo ni 12. Ukitoa unene wa kuta tatu, kila mlango wa droo unabaki na upana wa 513. Droo iwe 507 kwa nje na urefu wa 1170: kuta zake kimo cha 218, na sakafu ya 12 ikae chini ya kuta, kwa gundi isiyoyeyuka majini na skrubu kila sentimita 10. Toboa kwanza tundu la milimita 3 kwa skrubu ya 4, la sivyo matabaka ya plaiwudi yanapasuka pembeni.

Ule mwanya wa milimita 3 kila upande usiuonee ubahili. Mchanga wa huku utaingia tu, na boksi halibaki mraba siku zote. Kabla gundi haijakauka pima kutoka pembe hadi pembe mkabala, mishazari yote miwili. Zikipishana zaidi ya milimita 2, sukuma boksi hadi zilingane. Likikauka limepinda, hakuna randa itakayoliokoa.

Reli za chuma zenye gololi sizishauri. Vumbi likiingia kwenye gololi, na hewa ya chumvi ya Mikindani ikamalizia, zinaanza kusaga. Tumia vipande vya plastiki nyeupe nene, ile ya mbao za kukatia nyama, unene wa milimita 10, upana wa sentimita 4, viwili chini ya kila droo. Zamisha vichwa vya skrubu. Ukikosa, mninga uliokauka vizuri na kusuguliwa nta ya nyuki au mshumaa unafanya kazi. Grisi usiweke kabisa, maana ikichanganyika na vumbi inageuka msasa.

Hapo juu ya droo panabaki milimita 10 za hewa, na hizo ndizo zinazoinamisha droo. Ukiivuta na kuacha milimita 400 ndani, mkia unanyanyuka hadi ugonge dari, na uso unashuka karibu sentimita 2. Bandika chini ya kifuniko kipande cha milimita 7. Mwanya unabaki 3 na uso unashuka kama milimita 6 tu. Weka na kizuizi ili theluthi moja ya droo isitoke kamwe. Bila hicho, droo yenye spana na nondo fupi itakuangukia miguuni.

Kulifunga boksi garini ndiko kunakoleta lawama nyingi. Bodi ya pikapu hujipinda kwenye makorongo. Ukilibana boksi moja kwa moja kwenye bati kwa bolti nne, nalo linapinda pamoja nalo, na droo inakwama gari likiwa limeegeshwa na gurudumu moja shimoni. Likalishe juu ya vipande vya tairi kuukuu penye kila bolti. Kandambili hazifai, zinabonyea zikaisha. Usilegeze bolti kupita kiasi nazo: breki kali inaweza kulisukuma boksi la kilo 100 mbele kwa nguvu ya kama kilo 80. Kabla ya kutoboa bati, ingia uvunguni uone tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya ziko wapi. Kama bodi ina ndoano za kufungia mzigo, tumia hizo, usitoboe.

Uso wa droo ufungwe kwa komeo la chuma. Sumaku za kabati zitaachia kwenye mlima wa kwanza.

Maji huingilia kwenye kingo zilizokatwa, kwa hiyo kingo zote, hata za chini zisizoonekana, zipakwe rangi ya mafuta mara tatu. Plaiwudi ukiitilia shaka, chemsha kipande cha sentimita 10 kwa saa nzima. Kikiachana matabaka, rudisha dukani. Fanya hivyo kabla ya masika, na skrubu ziwe za stenlesi au za zinki. Mwenye kubeba salfa ya mikorosho aiweke kwenye ndoo yenye mfuniko nje ya droo, maana vumbi lake likipata unyevu linakula chuma, na spana ndizo za kwanza kuonyesha.

Boksi tupu litakuwa na kilo kama 60. Zitoe kwenye uzito unaoruhusiwa wa gari lako kabla ya kuhesabu vifaa.