Kwa nini mashine inayokata vizuri kwa jirani inaharibu nyasi zako?

Siku mbili baada ya kukata nyasi, chuma jani moja ulitazame ncha kwa karibu. Kama mkato umenyooka na kukauka kwa mstari mwembamba, mashine imefanya kazi yake. Kama ncha imechambuka nyuzinyuzi za kahawia mithili ya mswaki wa mti uliotafunwa, basi jani hilo halikukatwa, limechanwa. Jeraha la namna hiyo hupoteza maji mengi, na bustani nzima hupauka hata ukimwagilia kila jioni. Wengi hulaumu jua au mbolea, kumbe kisu ni butu au mashine haiendani na nyasi zenyewe.

Mashine za kukatia nyasi ni za aina mbili kuu. Kongwe ni ya silinda, ambayo Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1830 kwa kuiga mashine ya kiwandani iliyonyoa manyoya ya vitambaa vya sufu. Visu vyake vilivyojipinda huzunguka na kupita juu ya bamba la chuma lililotulia, jani likabanwa katikati kama kwenye mkasi. Aina ya pili ina kisu kimoja kinachozunguka chini ya kifuniko kama pangaboi. Hiki hakina kitu cha kubania jani. Kinategemea mwendo tu. Kisu cha sentimita 40 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Injini ikilemewa, mwendo hushuka na kuchana kunaanza.

Kwa hiyo zijue nyasi zako kabla ya kuuliza bei. Ukoka wenye majani membamba hustahimili kukatwa chini, sentimita 2 hadi 4, na mashine ya silinda huuacha kama zulia, mradi ardhi iwe tambarare na ukate kila wiki. Ukirefuka sana, silinda huulaza badala ya kuukata. Nyasi za Kikuyu, wenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, hutandaza mashina manene yanayopandiana hadi kuwa godoro. Silinda ya kusukuma kwa mkono hukwama hapo. Zinataka kisu cha kuzunguka, injini yenye nguvu, na kimo cha sentimita 3 hadi 5. Nyasi za Pemba, zenye majani mapana, zibaki na sentimita 5 hadi 8. Ukiazima mashine ya jirani mwenye ukoka, ikiwa imewekwa sentimita 3, ukaipitisha juu ya Pemba, utabaki na mashina matupu. Dukani, sogeza mkono wa kupandisha kimo hadi mwisho na upime kwa rula kutoka sakafuni hadi kisu kilipo, mashine ikiwa imezimwa na haina petroli. Na nyasi yoyote iwayo, usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja.

Upana wa mashine hupigiwa hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukitoa nyumba na njia ya gari, huenda kikabaki na mita za mraba 200 za nyasi. Mashine ya sentimita 40 hukata kama 35, kwa sababu kila mstari hupanda kidogo juu ya uliotangulia. Utatembea karibu mita 570, yaani dakika 12 kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, bila kuhesabu kugeuka. Mashine ya sentimita 50 hapo ni mzigo tu: haipiti kati ya miti na hukwangua palipo na vilima.

Kwa eneo hilo, mashine ya umeme ya wati 1,200 hadi 1,600 inatosha. Kosa kubwa ni ekstensheni nyembamba. Waya mrefu wa milimita 0.75 za mraba hupunguza volti na mota huchemka. Tumia wa milimita 1.5 za mraba, usiozidi mita 30, na uukunjue wote kwani ukibaki umeviringwa hupata joto. Weka pia kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Kisu kikigonga waya, hicho ndicho kitakachokuokoa.

Penye eneo kubwa au nyasi za Kikuyu, chukua ya petroli. Wa Nairobi au Arusha wajue kwamba injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko; kwenye mita 1,700, karibu moja ya sita imekwenda. Ikitoa moshi mweusi na plagi ikijaa masizi, hewa haitoshi kwa petroli inayoingia, na fundi aweke jeti ndogo, yaani kitundu kinachopitisha petroli, kwenye kabureta. Pwani adui ni chumvi: kifuniko cha chuma huliwa na kutu kutokea ndani, pale nyasi mbichi zinapogandamana. Huko kifuniko cha alumini au plastiki ni bora.

Uliza pia injini ni ya mipigo mingapi. Ya mipigo minne ina oili yake peke yake. Ya miwili huchanganyiwa oili kwenye petroli: kwa kipimo cha 50 kwa 1, mililita 20 kwa lita, kwa 25 kwa 1, mililita 40. Ukiweka petroli tupu, pistoni hukwama ndani ya silinda ya injini.

Mwisho, hakikisha kisu cha akiba kinapatikana, kwa sababu hata kilicho bora huhitaji kunolewa. Chomoa kwanza waya wa plagi, inamisha mashine huku chujio la hewa likiwa juu ili lisilowe oili, kisha fungua bolti. Ukishanoa, tundika kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, na ukiuacha hivyo mashine itatetemeka mpaka iue beringi. Usugue huo kwa tupa kidogo kidogo hadi kisu kilale sawa.