Je wajua kwa nini matairi ya vigari vya rimoti vya kupanda mawe yanajazwa sponji badala ya upepo?

Ukikishika kigari cha rimoti cha kupanda mawe, hivi vinavyoitwa krola, jicho linaenda lenyewe kwenye rimu kutafuta valvu ya kujazia upepo, na huioni. Tairi ni la mpira kweli, lina meno makubwa kama ya Land Cruiser za porini, ukilibonyeza kwa dole gumba linaingia ndani kisha linarudi taratibu, lakini upepo hamna kabisa, ndani kumewekwa sponji. Na usidhani kiwanda kimebana matumizi, maana hata vile vya milioni na zaidi kama TRX-4 ya Traxxas au SCX10 ya Axial viko hivohivo. Swali ni kwa nini, halafu swali tamu zaidi ni kwa nini wanaovijua hivi vigari wanafungua tairi jipya kabisa, wanatoa sponji waliyoikuta, wanaikata kwa mkasi au wanaweka nyingine kabla hata ya kulitembeza.

Tuanze na gari kubwa. Dereva akiingia kwenye mchanga au kwenye mawe anashuka anapunguza upepo, kila aliyeendesha njia mbovu za mkoa wetu wa Kigoma analijua hilo, anatoka PSI 35 anashuka mpaka 20 hivi kwenye geji, tairi linajitandaza chini na sehemu inayogusa ardhi inaongezeka. Hesabu yake nyepesi, uzito ulioko juu ya tairi ukiugawa kwa presha unapata takribani eneo linalokanyaga. Gari la kilo 2000 kila tairi limebeba kama kilo 500, kwa presha ya 20 inakuja karibu sentimita za mraba 350, yaani zaidi kidogo ya nusu ya karatasi ya A4.

Sasa chukua gari hilohilo ulipunguze mara 10, maana krola nyingi ni za kipimo cha 1 kwa 10. Urefu umegawanywa kwa 10, upana kwa 10, kimo kwa 10, kwa hiyo uzito umegawanyika mara 1000 na kilo 2000 zimekuwa kilo 2, ila eneo la tairi linalokanyaga limegawanyika mara 100 tu kwa sababu eneo ni urefu na upana basi. Hapo ndo siri yote ilipo. Uzito umepungua kwa kasi kuliko eneo, kigari kimekuwa chepesi mno kwa tairi lake na hakina ubavu wa kulikandamiza. Tuseme kina kilo 2 na nusu pamoja na betri, kila tairi linapata gramu 625, ukilijaza upepo wa 20 litakanyaga chini ya nusu ya sentimita moja ya mraba, ukucha wa kidole cha mwisho ni mkubwa kuliko hapo. Ili likanyage vizuri ungehitaji presha ya 2 au chini yake, na kwa presha hiyo upepo haulishiki tairi kwenye rimu, na hata ukilishika bado upepo unadunda, unapokea kishindo cha jiwe na kukirudisha chote, kigari kinarukaruka wakati unataka kitambae.

Na kwa nini tunahangaika na eneo? Mpira haufuati ile hesabu ya sekondari inayosema msuguano unategemea uzito tu. Mpira ni laini, unaingia kwenye vinyweleo na mikwaruzo ya jiwe, na ukiusambaza uzito uleule kwenye mpira mwingi zaidi unashika vizuri zaidi. Juu ya hapo meno ya tairi yanapata nafasi ya kujikunja kwenye ukingo wa jiwe na kung'ang'ania. Kwa hiyo kitu kinachowekwa ndani ya tairi kinatakiwa kikubali kubonyea kwa gramu mia chache tu, kisidunde, na bado kisimamishe tairi lisilale. Sponji inaweza yote matatu, ila inabidi uielewe.

Sponji ukiitazama kwa karibu ni chumba juu ya chumba, vidogo vidogo, vyenye nguzo nyembamba katikati. Ukianza kuibonyeza nguzo zinakaza kidogo na unahisi ugumu fulani, ukiongeza nguvu kidogo tu nguzo zinapinda zote kwa mpigo na sponji inaendelea kuzama bila kudai nguvu zaidi, mpaka ikizama zaidi ya nusu vyumba vinakuwa vimebanana, ukuta umegusa ukuta, hapo inagoma ghafla na kuwa ngumu. Hatua tatu: ugumu kidogo, ulaini mrefu, halafu ukuta. Kutyuni sponji ya krola, yaani kuirekebisha ikufae, ni kuhakikisha uzito wa kigari chako unaangukia kwenye ile hatua ya katikati. Sponji ngumu kupita kiasi kigari kinabaki hatua ya kwanza na tairi halibonyei, kinakanyaga jiwe kwa ncha. Laini kupita kiasi kinafika ukutani, rimu inakaribia jiwe na tairi linakunjika pembeni.

Halafu kuna aina mbili na hizi usizichanganye. Ya kwanza vyumba vyake viko wazi, hewa na maji vinapita, ndo ile ya godoro na sofa. Ya pili kila chumba kimefungwa chenyewe, hewa imenaswa humo, maji hayaingii, na mfano wake umevaa mguuni, soli ya ndala. Ya kwanza inabonyea kwa uzito kidogo na inafuata umbo la jiwe, ya pili inabaki na umbo lake na kusukuma kurudi. Matairi mengi ya krola yanakuja na sponji ya vyumba wazi peke yake, ila wanaochukulia mchezo huu kwa uzito wanatumia ya tabaka mbili, ndani karibu na rimu pete ngumu ya vyumba vilivyofungwa, nje karibu na meno pete laini ya vyumba wazi. Zipo zinazouzwa tayari namna hiyo, ukiagiza nje.

Kwa nini mbili, kwa nini isiwe laini tu mpaka ndani? Jibu liko kwenye kupita ubavuni. Kigari kikipita jiwe lililolala upande, matairi mawili ya chini yanapokea uzito mwingi, sponji ikiwa laini yote ubavu wa tairi unakunjika kuingia chini ya rimu, kigari kinainama zaidi, uzito unahamia chini zaidi, tairi linakunjika zaidi, na ndani ya sekunde kimebingirika. Pete ngumu ya ndani inakata huo mnyororo, tairi linabonyea milimita kadhaa za mwanzo kisha linakuta kitu cha kuliegemeza. Kwangu mimi hili lina umuhimu kuliko mota na kuliko shokapu. Mtu anatumia pesa kubwa kwenye mota yenye nguvu wakati mota hiyo inazungusha tairi ambalo halijashika kitu.

Huku kwetu huna haja ya kusubiri mzigo kutoka nje, nenda Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwa fundi sofa ukamwombe vipande vilivyobaki. Atakuuliza, "Mdogo wangu, unataka ya kukalia au ya kuegemea?" na hilo ni swali zuri sana, maana ya kukalia ni ngumu zaidi na ya kuegemea ni laini, wewe kwa pete ya nje unataka ya kuegemea. Usimwambie akupe nzito au nyepesi ukidhani ndo ugumu, sponji inaweza kuwa nzito na bado laini, uzito unakuonyesha zaidi itadumu kiasi gani. Ibonyeze mwenyewe. Pete ya ndani ni ndala. Rimu ya inchi 1.9 ina kipenyo cha kama milimita 48, kwa hiyo ukanda wa kama sentimita 18, ukihesabu na unene wake, unaizunguka, na soli moja inautoa bila shida. Kama tairi lako ndani lina kipenyo cha milimita 100, una nafasi ya milimita 26 kutoka kwenye rimu mpaka kwenye meno, chonga ndala ibaki unene wa 10, zilizobaki 16 ziwe sponji. Upana ufuate upana wa ndani wa tairi, ukiipunguza upana ubavu unabaki mtupu, na ukiizidisha kipenyo tairi linatuna katikati kama mgongo na linakanyaga kwa mstari mwembamba.

Kukata sponji laini kwa mkasi mkavu inatoa meno meno, njia safi ni kuilowesha, kuikamua, kuigandisha kwenye friza, halafu unakata kwa kisu kikali ikiwa imekakamaa.

Sasa tuje kwenye mbele na nyuma, hapa ndo panaponoga. Kigari kikiwa tambarare kila tairi lina zile gramu 625. Kipandishe mwinuko wa nyuzi 45. Tuchukue mfano, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni milimita 313, kipimo cha kawaida kwa krola nyingi, na kitovu cha uzito kiko katikati, milimita 80 juu ya ardhi. Ukipiga hesabu, kila tairi la mbele linabaki na kama gramu 215 tu na kila la nyuma linabeba kama 665, yaani la nyuma limebeba mara tatu ya la mbele, na kumbuka la mbele ndo linaloanza kukutana na jiwe. Kwa hiyo mtu anayeweka sponji sawasawa matairi yote manne ameyafanya ya mbele kuwa magumu pale anapoyahitaji yawe laini. Mbele weka laini zaidi, nyuma weka yenye msimamo. Ndo maana pia watu wanaongeza uzito mbele, chini kabisa, ndani ya rimu, vile vipande vya kubalansi matairi vinavyobandikwa kwa fundi tairi vinafaa sana. Ila ukiongeza uzito umebadilisha hesabu ya sponji, rudia kupima.

Kupima tumia mizani ya jikoni, ile ya kidijitali. Funga tairi kwenye rimu, liweke wima juu ya mizani, likandamize taratibu mpaka isome 215, angalia limezama kiasi gani, ongeza mpaka 665, angalia tena. Tairi la mbele kwa 215 liwe limeshaanza kujitandaza kwa macho, meno mawili matatu yamelala. La nyuma kwa 665 liwe limejitandaza vizuri ila ukilisukuma bado lina pa kwenda, halijagonga ule ukuta. Na paka chaki kwenye meno kisha ulikandamize juu ya karatasi nyeusi, utauona unyayo wake, kama ni mstari katikati sponji imejaa sana, kama ni kingo mbili na katikati tupu sponji ni fupi.

Ikiwa bado ngumu usikimbilie kubadilisha yote. Kata vipande vya umbo la V kuzunguka pete upande wa ndani, vilingane nafasi na kina, au toboa matundu kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili. Inalainika kwa sababu mbili, nyama ya kubeba uzito imepungua na iliyobaki imepata pa kupindia. Upande wa ndani ni bora kuliko wa nje, kwa sababu wa nje unabaki mviringo na tairi haliwi na mabonde. Kata kidogo, pima, kata tena, sponji haiongezeki ikishakatwa. Na haya yote yanataka rimu za pete zinazokazwa kwa skrubu ndogo ndogo, maana tairi lililogundishwa kwa supagluu kulifungua ni kazi, mpaka ulichemshe kwenye maji gundi iachie.

Bado hewa. Sponji ya vyumba wazi ikizama hewa yake lazima itoke mahali, rimu na tairi vikiwa vimeziba kabisa umerudi kwenye mpira unaodunda. Lazima kuwe na tundu, kwenye rimu au kwenye tairi. Kwa huku, ukipeleka kigari kwenye mawe ya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kuelekea Katonga ambako mguu mmoja uko juu ya jiwe na mwingine majini, mimi nachagua tundu kwenye tairi, mawili yanayotazamana katikati ya meno, milimita 3, kwa msumari uliopashwa moto. Maji yataingia, yataingia tu hata ukifanyaje, lakini ukikinyanyua kigari na kuzungusha matairi kwa kasi yanarushwa nje kupitia matundu hayohayo, wakati matundu ya rimu yako karibu na katikati na maji hayatoki kwa kuzungushwa. Mchanga kidogo utaingia pia, hiyo ni bei yake. Pete ya ndala yenyewe haijali maji.

Ukirudi nyumbani msimu wa mvua fungua pete, toa sponji, ikamue bila kuisokota, ianike kivulini penye upepo, jua kali linaigeuza njano na baada ya muda inamomonyoka mkononi. Na kigari usikihifadhi kikiwa kimesimama kwa matairi yake, weka kitofali chini ya chasisi matairi yaning'inie, kwa sababu sponji iliyobanwa mahali pamoja kwa wiki kadhaa inakubali lile umbo na upande huo haurudi tena.