Kolesteroli Imeshuka, Kwa Nini Niendelee na Dawa?

"Kipimo kimekuwa kizuri, basi nimepona."

Kati ya dhana potofu ninazosikia kuhusu dawa za kolesteroli, hii inanitia hofu kuliko zote, kwa sababu mara nyingi wanaoiamini ni wagonjwa waliofuata matibabu vizuri. Sehemu kubwa ya kolesteroli, aina ya mafuta yaliyo kwenye damu, hutengenezwa na ini lenyewe. Statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli kama atovastatini na simvastatini, huzuia kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, na ini likipungukiwa huvuta kolesteroli mbaya, yaani LDL, kutoka kwenye damu. Ukiacha vidonge, ini linarudia kazi yake, na ndani ya wiki chache kipimo kinapanda tena. Kwa aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, hiyo ni hatari kubwa, na hatajua, maana kolesteroli haiumi.

"Mimi mwembamba, sili mafuta."

Wapo wembamba waliorithi kolesteroli ya juu. Daktari huangalia pia umri, presha, sukari na sigara.

"Dawa hizi zinakula misuli."

Kuuma misuli kupo, lakini si kila maumivu yametoka kwenye kidonge. Katika utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020, watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara walipewa miezi ya statini, miezi ya vidonge visivyo na dawa na miezi ya kukaa bila kidonge. Takriban asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini ulitokea pia kwenye vidonge vitupu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, tusiwabeze. Basi mwambie daktari: anaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina. Ila misuli ikiuma sana na kulegea, au mkojo ukiwa na rangi nzito kama chai ya rangi, acha kidonge na uende hospitali siku hiyohiyo. Hutokea kwa nadra sana, lakini huweza kuharibu figo.

"Nikimeza na dawa nyingine hakuna shida."

Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Antibiotiki za klarithromaisini na erithromaisini, baadhi ya dawa za fangasi, na ARV zenye ritonaviri huzuia mwili kuondoa simvastatini, ikajaa kwenye damu. Simvastatini na ritonaviri hazitumiwi pamoja kabisa. Juisi ya balungi nayo hufanya hivyo kwa simvastatini, na kwa kiasi fulani atovastatini. Kwa hiyo ukifika duka la dawa, taja kila unachomeza, hata dawa unazoona aibu kuzitaja. Mfamasia hawezi kukukinga na asichokijua.

Mwanamke anayepanga kubeba mimba, aliyeshika mimba au anayenyonyesha azungumze na daktari mapema, kwani wengi huambiwa wasimamishe statini.

Simvastatini humezwa jioni. Atovastatini wakati wowote, mradi saa ileile kila siku. Ukisahau dozi, subiri inayofuata, wala usimeze mbili kwa pamoja.