Msomaji Hamtafuti Mwandishi, Anatafuta Kwao

Nimechoka kuambiwa kwamba tawasifu za wenyeji hazisomwi kwa sababu walioziandika hawajulikani. Wanaosema hivyo ni wakutubi wenzangu, na dawa yao huwa ileile: kabati la kioo mlangoni, vitabu vimesimamishwa jalada mbele, kufuli juu yake. Mwezi unaisha, hakuna aliyeazima, na lawama anabebeshwa mwandishi.

Anayeingia chumba cha historia ya mahali haji kuuliza kitabu cha fulani. Anauliza shule aliyosoma babu yake, shamba la mkonge alikozaliwa mama yake, au njaa ambayo wazee huitaja bila mwaka. Jibu liko ukurasa wa 87 wa kitabu ambacho katalogi imekiandikia jina la mwandishi, jina la kitabu na neno "wasifu", basi. Atalijuaje?

Dewey nayo, mfumo wa namba tunaoutumia kupanga vitabu kwa mada, inatutawanyia. Ukiifuata kama ilivyo, maisha ya mwalimu yanakwenda 370.92, ya muuguzi 610.73092, na chini ya 967.8, kwenye historia ya Tanzania, hakubaki kitu. Sisemi mvunje uainishaji. Jazeni uga wa 651, ule wa rekodi ya katalogi unaotaja mahali kitabu kinapohusu, kwa kila mahali panapopewa angalau kurasa mbili tatu, na pale kwenye 967.8 wekeni kibao cha mbao au kadi ngumu inayomwelekeza msomaji kwenye rafu nyingine.

Kazi yenyewe ni faharasa. Soma kitabu chote ukiwa na penseli na vikaratasi. Andika kila kijiji, shule, kiwanda, bandari, msikiti, kanisa, ugonjwa na mafuriko, pamoja na ukurasa. Kitabu cha kurasa 200 hutoa maingizo 40 hadi 60 yenye manufaa. Majina ya zamani yaandikwe sambamba na ya sasa: aliyekulia Lushoto wakati wa Wajerumani ataandika Wilhelmsthal, na mjukuu wake hatalitafuta jina hilo kamwe.

Hapa ndipo ninapogombana na watu: hiyo "ya mahali" ni ya mahali gani? Wengi huangalia mwandishi kazaliwa wapi, kisha wanafunga hesabu. Chukueni Tanga. Mashamba yake ya mkonge yalilimwa na manamba waliotoka mbali, Wabena, Waha na Wamakonde miongoni mwao. Mzee wa Njombe anayeandika kuhusu miaka yake ya kukata mkonge ameandika historia ya Tanga, na kitabu chake kinapaswa kuwa katika faharasa ya Tanga hata kama mwandishi alirudi kwao akafia huko. Ukikiacha, unabaki na Tanga ya makarani na mameneja peke yao.

Kuna pia tawasifu zilizofichwa ndani ya vitabu vingine. Martin Kayamba, aliyeanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, alisimulia maisha yake katika mkusanyo wa Margery Perham, Ten Africans, wa mwaka 1936. Katalogi ikiishia kwa Perham, Kayamba hapatikani. Maisha ya Tippu Tip, kwa Kiswahili chake mwenyewe, yalitolewa tena mwaka 1958 na 1959 kama nyongeza ya jarida. Kila sehemu ya namna hiyo iandikiwe ingizo lake.

Majina ya watu yananitia mashaka hadi leo. Mwandishi akimtuhumu jirani kwa wizi, na watoto wa jirani huyo wangali mtaani, je, jina liingie kwenye faharasa? Mimi huingiza mahali, kazi na matukio, na watu waliokuwa na madaraka ya umma tu. Najua kwa kufanya hivyo nawanyima wengine ukoo wao. Vitabu viwili vikipingana, siamui: naweka kikaratasi, "linganisha na fulani, uk. 54".

Baada ya hapo ndipo mtangaze. Toeni dondoo la maneno 120 lenye namba ya ukurasa, mlibandike kulekule linakotajwa: shuleni, ofisi ya kata, stendi. Kikao cha kusoma kiwe cha mada moja, dondoo tatu za waandishi tofauti, dakika tano kila moja, kisha wazee waachiwe nafasi. Kurekodi ni kwa ridhaa yao.

Nakala ombeni siku ya uzinduzi, tatu kwa uchache, moja ya rejea na mbili za kuazimisha, maana vitabu vilivyochapishwa kwa fedha ya mwandishi huisha mikononi mwa familia. Vile vilivyobanwa kwa pini, toeni pini mshone kwa uzi, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani huziozesha na kutu ikala karatasi. Havina mgongo wa kuandikwa jina, kwa hiyo vivalisheni jalada gumu lenye lebo kabla havijapanda rafuni, la sivyo vitamezwa na vinene vilivyo kando yake.