Mwili wako hauzoei antibiotiki

"Mimi amoksilini hainisaidii tena, mwili umeshaizoea." Kauli hii utaisikia dirishani kwa mfamasia, kwenye foleni ya kliniki, hata redioni, na mara nyingi msikilizaji anaitikia tu. Usugu wa dawa ni hali ya bakteria kuendelea kuishi na kuzaana penye dawa ambayo, kwa kiwango anachoweza kupewa mgonjwa bila madhara, ilipaswa kuwaua au kuwazuia. Basi. Mwili wa mgonjwa haumo kwenye maana hiyo.

Mkanganyiko una chanzo chake, kwa sababu yapo mambo ambayo mwili huyazoea kweli. Anayetumia mofini, dawa kali ya maumivu, kwa wiki kadhaa huhitaji dozi kubwa zaidi ili apate nafuu ileile. Ini la anayemeza kabamazepini, dawa ya kifafa, huanza kuivunja haraka zaidi baada ya wiki chache, na daktari hulazimika kurekebisha dozi. Dawa hizo hufanya kazi kwenye seli za binadamu. Penisilini na jamaa zake hushambulia ukuta wa bakteria, na seli ya binadamu haina ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo hakuna cha kuzoea.

Anayebisha aende maabara akaone kipimo cha kuotesha. Bakteria waliotoka kwenye damu au usaha wa mgonjwa huchanganywa na maji ya chumvi mpaka weupe wake ulingane na 0.5 ya McFarland (kipimio sanifu cha weupe wa mchanganyiko), yaani takriban bakteria milioni 150 kwa kila mililita. Hupakwa juu ya agari ya Mueller-Hinton, chakula kizito cha kuoteshea bakteria, yenye kina cha mm 4, juu yake huwekwa vikaratasi vya duara vyenye dawa, kisha sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Baada ya hapo fundi huchukua rula na kupima upana wa duara tupu kuzunguka kila kikaratasi. Kwa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, ya mikrogramu 30 dhidi ya bakteria kama Klebsiella au E. coli, vigezo vya CLSI (taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara) vinasema mm 23 na kuendelea dawa inafaa, mm 19 kushuka chini ni sugu. Agari ikiwa nyembamba, duara hupanuka na bakteria sugu anaonekana dhaifu. Mchanganyiko ukiwa mzito, duara hufinyika na dawa nzuri inasingiziwa. Kwenye sahani hiyo hakuna ini, hakuna mshipa, hakuna mtu aliyewahi kumeza kidonge, na bado bakteria sugu wanaota mpaka ukingoni mwa kikaratasi.

Ushahidi mzito zaidi uko wodi ya watoto wachanga. Mtoto wa siku tatu hajapata nafasi ya kuzoea chochote. Akipata maambukizi ya damu huanzishiwa ampisilini na jentamaisini, ndiyo matibabu ya kwanza yanayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Sasa, Klebsiella pneumoniae ni sugu kwa ampisilini tangu asili yake (kwa hiyo anayetangaza "Klebsiella sugu kwa ampisilini" kama habari mpya hajatangaza kitu). Mzigo wote unabaki kwa jentamaisini. Klebsiella wengi wa hospitalini wamebeba plasmidi, kipande cha ziada cha DNA kinachohama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, na plasmidi moja inaweza kukusanya jeni za kushinda jentamaisini, seftriaksoni na Septrin kwa pamoja. Hapo mtoto anachomwa sindano mbili na hakuna hata moja inayomgusa mdudu.

Katika utafiti uliofanyika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 na 2002, watoto wenye bakteria wa kundi la gramu hasi (ndimo walimo Klebsiella na E. coli) kwenye damu walifariki kwa asilimia 43.5, wenye malaria, asilimia 20.2. Kupewa dawa ambayo bakteria tayari ni sugu kwake kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza vifo.

Bakteria hao mtoto aliwatoa wapi? Mikononi mwetu, kwenye sinki, kwenye kichupa cha dawa kilichochomwa sindano mara nyingi, kwenye mpira wa mkojo wa mama aliyelala kitanda cha jirani. Acinetobacter, bakteria mwingine wa hospitalini, anaweza kukaa wiki kadhaa kwenye reli kavu ya kitanda. Hapa ndipo kauli ya "mwili umezoea" inapoleta hasara: inamfanya kila mgonjwa aone usugu ni siri yake na vidonge vyake, wakati kwenye wodi tatizo linahama kutoka kitanda hadi kitanda. Kinachowazuia bakteria hao ni kusugua mikono kwa spiriti ya mikono kwa sekunde 20 hadi 30, kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake, na kutoa kanula (mrija mdogo wa mshipani) au mpira wa mkojo siku ileile usipohitajika tena. Glavu alizovaa mtu kutoka kitanda cha kwanza mpaka cha sita zinamkinga yeye tu.

Kuna chembe ya ukweli kwenye kauli ile, tuitendee haki. Kila dozi ya antibiotiki huua bakteria dhaifu wa utumbo na kuwaachia nafasi walio sugu, na hao wanaweza kukaa tumboni kwa miezi bila kumdhuru mwenye tumbo. Akifanyiwa upasuaji au akiwekewa mpira wa mkojo, hao ndio wanaoingia mahali pasipo pao. Kwa hiyo historia yako ya dawa ina maana kubwa, ila mwenye usugu ni wapangaji, mwenye nyumba hajabadilika.

Tena si kila dawa iliyoshindwa imeshindwa kwa usugu. Mafua ni virusi. Antibiotiki haikuwa na kazi pale tangu mwanzo. Jipu lisilopasuliwa halitapona hata kwa meropenemu, antibiotiki kali ya sindano, kwa kuwa dawa haipenyi vizuri kwenye usaha. Dozi ndogo, dawa bandia, bakteria waliojificha kwenye utando juu ya plastiki ya kanula: yote hayo hutoa matokeo yaleyale kitandani, na suluhisho lake si kupandisha dawa kali zaidi. Anayetaka kujua atoe damu ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, mililita 8 hadi 10 kwa chupa ya mtu mzima, ngozi ikiwa imesafishwa na kuachwa ikauke.

Basi ukienda hospitali, usimwambie daktari kwamba mwili wako umezoea dawa fulani. Atatikisa kichwa na hatajua la kufanya nayo. Mwambie ulitumia dawa gani ndani ya miezi mitatu iliyopita, ulilazwa wapi na kwa siku ngapi, na kama uliwahi kuoteshwa vimelea, mpe ile karatasi ya majibu.