MRI ya moyo: kipimo kifupi si kipimo kilicholipuliwa

Mgonjwa mmoja alitoka kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, baada ya dakika 25, akavaa viatu vyake polepole, kisha akaniuliza, "Daktari, mbona mmenipunja? Kaka yangu alipimwa saa nzima." Swali hilo nimelisikia mara nyingi mno, na linanisumbua kuliko mengine yote kwa sababu huwafanya watu watilie shaka majibu sahihi.

Dhana: MRI ya moyo ikienda haraka, kazi imelipuliwa.

Moyo hautulii ili upigwe picha. Kwa hiyo mashine, ikiongozwa na nyaya za ECG zilizobandikwa kifuani ili kusoma umeme wa moyo, hukusanya sehemu ndogo ya data katika kila pigo, kisha huunganisha sehemu za mapigo kadhaa kuwa picha moja inayoonyesha moyo ukidunda. Kwa njia ya kawaida mgonjwa hubana pumzi kwa sekunde 10 hadi 15 kwa kila mkato, yaani picha ya kipande kimoja cha moyo, na kuupiga moyo wote, kuanzia juu hadi kwenye ncha, huhitaji mikato kumi hivi, mbali na picha za pembe nyingine. Mtu ambaye moyo wake umechoka, na ambaye akilala chali tu anahema, atayamudu vipi hayo? Pumzi humponyoka katikati, ukuta wa moyo huonekana kama umechorwa mara mbili, nasi hulazimika kurudia. Sehemu kubwa ya ile saa nzima inayosifiwa huwa ni marudio.

Kasi ya leo haikupatikana kwa kupuuza kazi. Mwaka 1999 watafiti wa Zurich walionyesha kwamba, kwa kuwa kila koili (waya uliozungushwa wa kunasa mawimbi) iliyowekwa kifuani hupokea mawimbi ya upande wake kwa nguvu zaidi, tofauti hiyo huiwezesha kompyuta kujaza data ambayo mashine haikukusanya. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaonyesha namna ya kuunda picha nzuri kutokana na sampuli chache zilizochaguliwa bila mpangilio maalumu. Mbinu hizi zimepunguza sana kubana pumzi, na mwenye mapigo yasiyolingana anaweza kupigwa picha za papo kwa papo huku akipumua kama kawaida.

Muda huokolewa pia kwa kupanga kazi. Kovu la misuli ya moyo huonekana vizuri takriban dakika 10 baada ya kudunga gadoliniamu, dawa inayofanya kovu hilo lionekane kwenye picha, na kusubiri huko hakukwepeki. Lakini kwa nini mgonjwa alale bure wakati picha za mwendo wa moyo zinaweza kupigwa katika dakika hizo hizo? Wataalamu waliojaribu utaratibu mfupi wa aina hii nchini Peru walimaliza kipimo kwa wastani wa chini ya dakika 20, na majibu yakabadilisha matibabu ya wagonjwa wengi.

Ushauri wangu, ambao huurudia kwa kila mgonjwa: usijaze kifua ndipo ubane pumzi. Toa pumzi kwanza, kisha tulia hapo, kwa sababu kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hurudi karibu mahali palepale kila unapomaliza kutoa pumzi, na moyo hurudi pamoja nacho. Fanya mazoezi nyumbani ukiwa umelala chali, usiku uliotangulia.

Dhana: MRI huchoma mwili kwa mionzi kama eksirei. Hapana. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Kelele zile ni mtikisiko wa koili ndani ya mashine, na ndiyo maana tunakupa vizuia sauti vya masikioni.

Dhana: dawa inayodungwa ni ya mionzi na huharibu figo za kila mtu. Gadoliniamu inayotumika haina mionzi. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo ndiye anayehitaji tahadhari, kwa hiyo tuambie mapema.

Dhana: mwenye betri ya moyo, yaani kifaa kinachosaidia moyo kudunda, hapimwi kamwe. Betri nyingi za sasa zimetengenezwa ziweze kuingia kwenye MRI kwa masharti maalumu. Leta kadi ya betri yako siku ya kuomba miadi, ili betri irekebishwe kabla ya kipimo na kukaguliwa tena baadaye. Ukiitoa kadi hiyo mlangoni pa chumba cha sumaku, tutalazimika kukurudisha nyumbani.